Kiungo cha Reli Nilichokiruka

Baba Nakunda,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikangoja kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa unajibu marahaba kabla mtu hajalimaliza, na mkono umeshaunyoosha. Leo kimya. Basi naendelea hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa penseli, kwenye karatasi nilizochana mwisho wa daftari la zamani la genge letu la reli, kurasa ambazo hazikuwahi kuandikwa kitu. Mwandiko wangu unaujua. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Kasulu, na hilo la nne lenyewe nusu, baba alipougua nikarudishwa shambani. Maneno kama "njia salama" na "bolti imelegea" nilijifunza kuyaandika kwako, umekaa juu ya ndoo, unanitajia herufi moja moja. Sasa nayatumia kukuandikia barua. Usinicheke.

Miezi tisa imepita tangu tukupandishe Vudee kutoka hospitali. Mvua ilikuwa imeila barabara, gari likagoma kona ya tatu, tukakubeba kwa zamu mpaka kwako. Mimi nilishika mbele, upande wa kushoto. Shemeji zako walitaka kunitoa, wakisema huyu si wa ukoo. Mama Nakunda akawaambia, "Mwacheni Muha abebe. Ametembea naye kuliko nyinyi." Nikabaki pale mpaka kaburini. Nilitaka ulijue hilo.

Habari niliyo nayo si nzuri. Kazi imeisha. Nasema yangu mimi, maana ya njia haiishi. Jina langu limo kwenye orodha ya wanaopunguzwa, na leo nimebakiza siku moja. Nataka nikueleze mwenyewe tangu mwanzo, kwa sababu kuna jambo nililifanya kwenye kipande chako cha njia, na nimeshindwa kukaa nalo peke yangu.

Unakumbuka nilivyokuja. Nililetwa huku kukata mkonge, shamba likafungwa, nikabaki Same na kaptula moja yenye viraka viwili. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni, na mkifika dirishani mnaambiwa imekwisha. Ulinikuta nimekaa karibu na stesheni, ukanitazama miguu. Ukaniuliza, "Wewe mtu wa wapi?" Nikasema Muha wa Kasulu. "Waha si ndio mnaotembea?" Nikakwambia kwetu mtu akienda kusalimia wakwe anaweza kutembea siku mbili. Ukasema, "Basi njoo gengeni. Kuna kazi ya kutembea, wakwe tu ndio hawapo."

Kuanzia hapo hukuacha kunitania, nami nikajifunza kukujibu. Nilipokwambia Mpare akiibiwa kuku anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani, ulinikatalia kabisa. Ukasema si kweli, mnauza mbuzi tu.

Nilidhani kutembea ni kazi rahisi. Kilomita saba kwenda, saba kurudi, nyundo begani, spana ndefu mkononi, bendera mbili kwenye mkoba, na fataki za kulipuka chini ya magurudumu kumwonya dereva. Mwezi mzima hukuniruhusu kushika nyundo. Nilitembea nyuma yako kama mkia. Nilikasirika, nikaona huyu mzee ananinyima kazi ili awe yeye tu anayeijua. Siku moja nikakuuliza, ukasimama, ukanionyesha nyuma kwa kidole. "Kile kiungo tulichopita, bolti zake zilikuwa ngapi?" Nikasema nne. "Ya tatu ilikuwaje?" Sikujua. Ukasema, "Basi macho yako bado hayajafika kazini. Yakifika nitakupa nyundo."

Yalichukua muda kufika. Ulinifundisha kunywa uji kabla ya kutoka, hata kama sina hamu, kwa sababu mwenye njaa anaangalia mbele kwenye chakula na haangalii chini. Ulinifundisha kwenda na reli ya kulia na kurudi na ya kushoto, kila moja ipate macho yake kamili. Ulinifundisha kufika robo saa kabla ya wengine. Haikuwa ili mnyapara atuone. Ulisema ukianza kwa kuchelewa, kila ubovu unaoukuta unakuwa adui yako, unataka kuupita upesi. Na daftarini ulisema niandike nilichokiona tu. "Usiandike unachodhani, wala usiandike unachotaka inspekta asome."

Halafu salamu. Hilo lilinishinda kuliko yote. Njia yetu watu wanaifanya barabara, wanatoka mlimani wanakwenda gulioni Makanya, Wamasai wanavusha ng'ombe, na huku huwezi kumpita mtu mzima kimya. Atakuuliza wewe umelelewa wapi. Na salamu za Wapare hazina mwisho: za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua, mvua kwenu imenyesha, na kule juu je. Mimi nikawa naitikia huku natembea, nyundo inagonga, mdomo unasema nzuri, nzuri, nzuri. Ulinisimamisha siku hiyo kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "We Muha. Ukitaka kumwamkia mtu, simama umwamkie vizuri, ni haki yake. Weka nyundo chini kwenye taruma la chini ya reli ulipoishia. Umsindikize hata hatua ishirini ukitaka. Ukimaliza, rudi kwenye nyundo, uanze hapo."

Kwa miaka sita nilishika hilo. Nyundo chini, salamu, nyundo juu. Watu wakanizoea. Mama mmoja alikuwa akiniona kwa mbali anaanza kucheka, anasema, "Haya, mwekaji nyundo, nimefika, weka."

Ulipougua kifua ukarudi milimani, mnyapara alinikabidhi kipande chako. Niliogopa, lakini nilikuwa tayari. Nadhani ulijua kwamba niko tayari, maana uliponiaga hukunifundisha kitu chochote. Uliuliza tu kama nimekula.

Sasa nikwambie yaliyobadilika. Treni ya abiria haiji tena. Ya mizigo inapita siku mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine haipiti kabisa. Maduka ya Same yamejaa, Baba Nakunda, ungeshangaa. Sabuni za rangi zote, mashati ya mitumba yananing'inia mpaka barabarani, redio, baiskeli. Foleni zimekwisha. Tunapita tunaangalia. Na wamekuja watu wanaonunua chuma chakavu kwa kupima, hawaulizi kimetoka wapi. Tangu hapo bolti zetu zimekuwa zikitoweka. Unakaza leo, keshokutwa ni tundu.

Na habari ya orodha. Ilianza kama uvumi, kwamba genge letu la watu kumi na wawili litabaki na watano. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyefanya kazi kwa akili moja. Mtu anashindilia kokoto huku anauliza, "Wataanza na wa zamani au wa karibuni?" Mtu anakula makande anaacha nusu. Mimi nilijiona tofauti. Nilijiambia mimi mkaguzi wa njia, nafuata ya Baba Nakunda, hayo hayanihusu. Nilikuwa najidanganya. Nilipokuwa natembea nilikuwa namwona mke wangu na watoto kule Kasulu, nahesabu miezi, najiuliza nitarudije nyumbani mikono mitupu baada ya miaka yote hii. Miguu ilikuwa njiani. Macho, sijui yalikuwa wapi.

Asubuhi moja, mwezi uliopita, nilikutana na Mama Nakunda.

Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Amekonda. Alikuwa ameshuka na tenga la ndizi anakwenda Makanya peke yake, amesimama kando ya reli anapumua. Nikamwamkia. Nikaweka nyundo chini kama ulivyonifundisha, na huo ndio ukweli, niliiweka. Tukasalimiana. Halafu nikaliona lile tenga, nikaiona shingo yake, nikashindwa kumwambia mama, endelea, mimi nina kazi. Nililibeba tenga kichwani. Nikaiokota nyundo kwa mkono mwingine, tukaenda naye juu ya njia, karibu kilomita moja na nusu, mpaka pale inapokatana na barabara.

Alinieleza mambo yako. Kwamba siku za mwisho ulikuwa unaamka alfajiri unatafuta viatu. Kwamba Nakunda amejifungua mtoto wa kiume na wamempa jina lako. Kwamba saruji ya kaburi imepasuka upande mmoja. Mimi nilikuwa nasema ndiyo mama, pole mama, na shingo imekaza chini ya tenga, siwezi hata kuinamisha kichwa.

Tulipoachana nikaendelea na kipande mpaka mwisho. Nikarudi na reli ya kushoto. Nikafika gengeni, nikafungua daftari, nikaandika: njia salama, yote.

Nilikuwa katikati ya chakula nilipokumbuka. Kijiko kilisimama. Kilomita moja na nusu ya reli ya kulia sikuiona. Niliipita kama abiria. Na reli ya kushoto, wakati wa kurudi, pale nilipopita na Mama Nakunda nilikuwa bado nawaza jina la mtoto na ufa wa saruji.

Treni ya mizigo kutoka Moshi ilitarajiwa saa kumi. Ilikuwa saa nane na kitu. Na inspekta alikuwa anakuja kesho yake, wote tulijua anakuja na nini. Mtu ambaye daftari lake lina kosa siku moja kabla ya orodha, hata mtoto anajua atakuwa wapi. Nilikaa na kijiko changu. Nilijiambia jana palikuwa pazima, leo patakuwa pazima. Nilijiambia hivyo mara mbili. Ya tatu nikasimama.

Mnyapara aliniuliza, "Unakwenda wapi na jua hili?" Nikasema nimesahau spana. Spana ilikuwa mkononi mwangu. Aliitazama, akarudi kwenye sahani yake.

Sikutembea, nilikimbia. Upepo wa Same ulikuwa unavuma ule wa mchanga, unaoingia mpaka kwenye meno. Nikaanzia pale alipokuwa amesimama Mama Nakunda, nikaenda kiungo kwa kiungo. Cha kumi na kitu hivi, bolti mbili hazipo. Kila ncha ya reli imeshikwa na bolti moja tu, na moja ya hizo imelegea, naizungusha kwa vidole. Ukikanyaga, ncha ya reli inashuka.

Mkobani nilikuwa na bolti moja ya akiba. Niliifunga, nikaikaza ile nyingine, lakini hapakutosha kupitisha treni. Nikakimbia upande wa Moshi, nikaweka fataki juu ya reli, nikasimama na bendera nyekundu katikati ya njia. Treni ilipotokea niliipunga kwa mikono miwili.

Ilisimama. Dereva alichungulia, akaniona nilivyojaa vumbi, akasema, "Vipi, mzee, unataka tukupige picha?" Nikamwonyesha. Alishuka, akaenda akatazama ile reli, akaikanyaga kwa kiatu. Hakutania tena. Alirudi akanipa maji ya kunywa kwenye kopo lake.

Mnyapara na wenzetu walifika kwa toroli, tukafunga bolti mpya, treni ikapita taratibu. Ilipokwisha kupita, mnyapara aliwageukia wote akasema kwa sauti, "Wahuni wa chuma chakavu. Wameng'oa mchana huu huu, baada ya ukaguzi wa asubuhi." Halafu akanigeukia mimi. "Si ndiyo, Bonifasi?"

Alikuwa ananiokoa. Amenipa maneno tayari, sikuwa na kazi ila kuyapokea.

Nikasema ndiyo.

Hapo ndipo nilipokosa, Baba Nakunda. Kukiruka kiungo ni kosa, lakini nililifanya bila kujua. Ile ndiyo niliisema huku naijua.

Kwa sababu wakati nafunga ile bolti ya akiba niliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Ndani ya tundu moja palikuwa na utando wa buibui. Umetandazwa vizuri, una vumbi. Buibui anaweza kufuma kwa siku moja, najua, lakini hawezi kufuma na kukusanya vumbi lile tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Bolti zile ziliondoka jana yake, labda juzi yake. Na jana yake sikukutana na Mama Nakunda. Jana yake hapakuwa na tenga wala salamu. Nilipita pale peke yangu, nyundo mkononi, nikagonga, na kama niliona tundu au sikuliona, mpaka leo sijui. Nilikuwa nahesabu miezi.

Mkeo sijamwambia habari hii, na sitamwambia. Ningemwambia angedhani ni tenga lake.

Asubuhi inspekta alifika kwa kiberenge chake cha reli. Tulipangwa mstari. Alikuwa anasifu genge kwa kusimamisha treni, anasema huu ni mfano, na mnyapara anatabasamu. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Shikamoo mzee. Jana niliandika njia salama, na kuna kilomita moja na nusu sikuikagua. Hazikung'olewa mchana. Kwenye tundu kulikuwa na buibui." Nikamweleza na ya jana yake. Watu wakaangalia chini. Mnyapara alinitazama kama mtu aliyemwagiwa chai.

Inspekta aliniuliza, "Kwa nini unaniambia? Taarifa imeshaandikwa, ni wezi."

Nikasema, "Mzee, kama ni wezi wa mchana, mtaongeza mlinzi wa mchana. Na tatizo halikuwa hapo. Lilikuwa kwangu."

Akauliza jina langu. Nikamtajia. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaisoma, akairudia mpaka kiberenge kikazimwa. Akasema, "Bonifasi, hii imepigwa chapa wiki iliyopita."

Sikuelewa. Kondo, yule wa Handeni anayekagua upande wa pili, ndiye aliyeninong'oneza, "Ulikuwemo tangu zamani, kaka." Inspekta akasema tena, "Kama ingekuwa mimi ndiye ninayeandika..." hakumaliza. Akasoma majina. Saba. Langu la nne.

Kwa hiyo uongo usingeniokoa na ukweli haukuniponza. Nilikasirika siku mbili. Nilimkasirikia inspekta, nikamkasirikia aliyepiga chapa asiyewahi kuniona, na kwa kweli nilikukasirikia hata wewe, kwamba ulinifundisha kwa bidii zote zile kazi ambayo inafutwa kwa mashine ya chapa na mtu aliyekaa kitini.

Tulipewa mwezi mmoja wa kumalizia. Unajua mwezi wa namna hiyo watu wanavyoufanya. Waliotajwa walikaa kivulini wakacheza drafti kwa vizibo vya soda. Na sisemi vibaya juu yao, siku ya kwanza mimi nilikuwa nao, nilishinda michezo miwili. Mchana treni ya mizigo ikapita mbele yetu. Wenzangu waliendelea kucheza. Mimi nilisikia magurudumu yanavyovuka viungo, ta-ta, ta-ta, na nikajikuta nangoja mlio mbaya. Kumbe sikuwa nacheza. Nilikuwa nimeshika kizibo nasikiliza njia ambayo siku hiyo haikuwa imetembewa na mtu.

Nikawaza, yule dereva aliyenipa maji hajui habari ya orodha yoyote. Yeye akifika kwenye kipande changu anaegemea tu, anaamini kuna mtu alipita asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu huyo ameudhika.

Kesho yake nikanywa uji, nikatoka robo saa kabla. Nimetembea mwezi mzima, kwenda na kurudi, na nimetembea vizuri kuliko nilivyotembea mwaka mzima huu. Hofu ilikuwa imekwisha, maana nililokuwa naliogopa limeshatokea, na nafasi ile kichwani ilibaki tupu. Nikajaza bolti humo. Nikiona mawazo yanakwenda Kasulu, nasimama, nayaacha yaende, nawaza jambo langu kamili nikiwa nimesimama, halafu ndipo napiga hatua nyingine. Wewe hukunifundisha hilo, nimeligundua mwenyewe, lakini nadhani ungelikubali. Daftarini nimeandika makosa kumi na moja mwezi huu. Hakuna mwezi niliowahi kuandika mengi hivyo.

Kondo alinicheka sana. Yeye amebaki, hakutajwa, na sasa vipande vyote viwili ni vyake. Kila nikipita anapaza sauti, "Muha, unamkazia nani nati? Umeshapewa talaka, bado unamfulia mume nguo?" Watu wa drafti wanaanguka kwa kucheka. Hata mimi nilicheka, ni kweli ilichekesha.

Lakini hao hao wa drafti ndio walionijia na ushauri, na ulikuwa ushauri mzito. Walisema, "Kondo hajui ile kalvati ya korongo. Usimwonyeshe. Mvua zikija njia itazama, watakutafuta mpaka Kasulu wakurudishe kazini."

Unaijua kalvati wanayoisema. Pale maji ya mlimani yanapita chini ya reli na kuchota mchanga kidogo kidogo, juu kokoto zimekaa vizuri, mtu yeyote anapita anaona pazima. Ulinionyesha kwamba panajulikana kwa kugonga taruma la tatu kutoka ukingoni. Likiwa zima linajibu kwa uzito. Chini kukiwa tupu, linalia kama debe. Hakuna daftari lililoandikwa hilo. Wewe ulilijua, kisha mimi.

Nililiwaza siku tatu. Nasema ukweli wangu, sikulikataa mara moja. Ndicho kitu pekee nilicho nacho huku ambacho hakuna wa kunifutia. Ningeweza kuondoka nacho, nikakaa Makanya, nikangoja mvua. Na huenda wangenifuata kweli. Watoto wangu wangekula kwa hiyo kalvati.

Lakini njia ya kuitwa ilikuwa moja tu, nayo ni treni ianguke kwanza. Sikuweza kupita hapo. Kila nilipojaribu nilimwona yule dereva na kopo lake la maji.

Juzi nilimwambia Kondo tutembee pamoja asubuhi tatu. Alidhani namtania. Siku ya kwanza aliongea njia nzima, na mimi nikawa nagonga tu. Siku ya pili nikamuuliza kuhusu bolti ya tatu ya kiungo tulichopita, akaniangalia. Leo tulisimama kwenye kalvati. Nikampa nyundo, nikamwambia agonge taruma moja moja. Aligonga, akagonga, akafika la tatu, likalia lile debe. Akarudia. Akapiga magoti, akatoa kokoto kwa mkono, mkono ukaingia mpaka kiwiko. Hapo hujichimba upya kila mara, na yeye amekuwa anapita juu yake kwa toroli miaka mitatu.

Alikaa palepale juu ya reli. Akasema, "Kaka, mbona unanipa? Mimi ningekunyima."

Nikasema, "Najua."

Tulichomeka bendera, tukaita genge, na hata watu wa drafti walikuja na sepetu. Tumejaza mawe mpaka jioni. Hayatadumu, utakuja msimu mwingine wa mvua, lakini Kondo sasa anaujua mlio. Alikuwa anaurudia njia nzima wakati wa kurudi, anagonga hata mataruma mazima ili alinganishe. 

Kesho ni siku yangu ya mwisho. Nitatembea peke yangu, nimeomba hivyo, halafu narudisha vifaa. Jumatatu naanza kibarua kwenye machimbo ya jasi Makanya. Nitaanza chini kabisa, kupasua mawe na kupakia. Jiwe lile silijui. Sijui linavyopasuka wala linavyodanganya. Nitatafuta mzee anayelijua, nitatembea nyuma yake bila kuuliza nyundo. Nimeshawahi kuwa mkia, najua unavyokuwa. Kasulu nimeandika kwamba sirudi kwanza, wanivumilie.

Jumapili nitapanda Vudee. Nimempata fundi hapa gengeni mwenye saruji iliyobaki, tutaziba ule ufa, na nitamwona mjukuu wako mwenye jina lako.

Ulipo, Baba Nakunda, nakuombea miguu ipumzike. Ulitembea ya kutosha. Na ahadi yangu ni hii, iliyo ndogo, nisije nikaivunja: huko niendako nikikosea, nitalisema kosa langu siku hiyo hiyo, kwa mdomo wangu, kabla mtu mwema hajanipa uongo wa kusema.

Ni mimi Muha wako,
Bonifasi